Kalamu ya Bluu

Musaga, Jumanne

Basi nimepata kazi, na nimeipata kwa mwandiko. Miaka minne nimesomea kompyuta, halafu leo kwenye mtihani wa kazi umeme ukakatika kabla sijagusa kibodi. Mkurugenzi akanisukumia karatasi.

"Andika programu hapa. Kalamu ya bluu, na apana kufuta-futa."

Nikaandika programu ya kupanga zamu za wafanyakazi, mistari arobaini, ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili. Mwenzangu tuliyefanya naye mtihani alifuta mara mbili, wakamwambia asante, hawamhitaji, akaenda.

Mkurugenzi akainua karatasi yangu dirishani. "Huyu mutu anaandika muzuri! Kesho unaanza." Akaipiga muhuri papo hapo.

Mama, mwalimu mstaafu aliyenichapa sana kwa ajili ya herufi g, amewapigia simu wanakwaya wenzake wote: "Ni mi nilimufundisha!"

Sijamwambia kwamba mstari wa saba una kosa. Nililiona kalamu ikiwa bado mkononi, lakini kufuta…

Sasa sekretari atainakili programu yangu kwenye kompyuta umeme ukirudi, neno kwa neno, maana chenye muhuri hakibadilishwi.

Mungu wangu, mji mzima unakuomba umeme. Kwa leo tu, usiwasikilize.