Alichokula Bodri

Mdogo wangu mpendwa Gellért,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Graz, na kile kikohozi kimekuachia. Mimi sijambo, ila ni kwa mwili tu. Juzi uliponipigia ukasema utakuja mwisho wa mwezi umvunje jirani Lajos meno kwa kumpa mbwa wako Bodri sumu, nilikata simu nikatafuta kalamu. Kwa simu siwezi. Soma mpaka mwisho kabla hujakata tiketi.

Tulichinja nguruwe Alhamisi ya wiki iliyopita, baridi ya kupasua midomo. Lajos ndiye aliyeshika kisu kama kila mwaka, huku akimtania Bodri kwamba huyu mla kuku wangu, leo namchemsha pamoja na kwato. Watu wakacheka. Laiti angenyamaza.

Ijumaa asubuhi Bodri alikataa hata maji. Alitapika mara nne, kisha akasimama vibaya, kifua chini, makalio juu, kama anayesujudu. Nilipomgusa tumbo alinitolea meno.

Nikampeleka kwa Daktari Sarolta. Akampiga picha ya tumbo, mfupa hakuuona. Alinieleza kwamba maradhi ya tumbo ya ghafla yanafanana kama vifaranga: sumu, mfupa ulionasa, uozo wa kuokota, na kongosho lililovimba. Ule mkao na yale maumivu vilimfanya ashuku kongosho, ila sumu nayo hutapisha, na majibu ya damu yangetoka mjini kesho yake. Akaniuliza, mama Rozália, amekula mafuta? Nikasema hapana. Hata kipande? Nikasema mkate tu, na nikaongeza, Mungu anisamehe, kwamba Lajos aliapa kummaliza. Basi akatibu sumu. Akamnywesha unga wa mkaa, akaniambia nimrudishe asubuhi.

Jumamosi majibu yakaja: kongosho. Akamtundikia maji haraka, lakini masikio ya Bodri yalikuwa yameshapoa. Alikufa kabla ya saa sita. Daktari hakunifokea. Alisema tu, ungeniambia jana, mama, ningeanza na maji na dawa ya maumivu.

Gellért, karatasi yako bado ipo kwenye mlango wa friji: asipewe mafuta, mwaka jana nusura afe. Lakini unajua alivyofanya marehemu mama. Konzi ya kwanza ya mafuta yaliyokaangwa ni ya mbwa wa uani, ili mwakani banda lisiwe tupu. Nilimpa konzi tatu, za moto, kwa kuwa alikuwa ananitazama. Halafu nikakuogopa wewe. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi kimeniumbua.

Kaburi kachimba Lajos, Jumatatu. Ardhi imeganda, alitumia shoka tangu asubuhi hadi mchana, na dukani walikuwa wanamwita mtia sumu, kwa neno langu lile la kwa daktari, lililokufikia hata wewe. Alifuta mikono akasema pole dada, alikuwa mbwa mzuri huyu mwizi. Nikamshukuru, nikaingia ndani, wala sikumwambia.

Kesho baada ya misa nitamwambia mbele ya watu wote. Ukija, meno ya kuvunja ni yangu, na yenyewe yamebaki machache.

Msalimie Ildikó na watoto, uwabusu kwa niaba yangu. Soseji zenu nimezitundika darini. Karatasi yako sijaibandua.

Ni mimi dada yako,
Rozália