Fuko wa Balbu

Okolona, Louisville
Alhamisi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na dada Margareta na watoto, na kwamba goti lako limekubali kupanda ngazi tangu baridi ipungue. Mimi hapa ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Ya moyoni utayasoma huko chini. Nimempa barua hii Bwana Rutayisire, yule dereva wa lori tuliyekuwa tukisali naye, kwa kuwa kesho anapeleka mzigo Buffalo na ameniapia kwamba ataiweka mkononi mwako na si kwa mtu mwingine. Naomba uisome mwenyewe, mama, umekaa, na miwani yako machoni. Margareta asikusomee. Ana tabia ya kuruka mistari anayodhani itakuumiza.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Unanijua. Tangu utoto nikibanwa najificha kwenye sauti ya mtu mwingine. Nitamwigiza padre, nitamwigiza msimamizi wetu wa ghala, utacheka, na tutaagana kabla sijasema lililonifanya nipige. Kwenye karatasi siwezi kumwigiza mtu yeyote. Ndiyo maana naiogopa kalamu hii.

Margareta ameniambia umeomba misa ya shukrani Jumapili hii. Umeshawaalika na watu wa Kenmore, umeshashona kitenge, na baada ya misa unataka kusimama mbele ya waumini useme kwamba mwanao Nestori, aliyepotea miaka yote hii, yu hai na anafanya kazi kwenye televisheni. Niliposikia hivyo nilikaa juu ya maboksi katikati ya kazi. Mama, nakuomba usisimame. Nitakueleza sababu, ila niache nianzie mbali kidogo, maana nikianza na mwisho utaikunja barua.

Tangazo lenyewe sote tunalijua. Ni yule fuko wa katuni, Mista Bodo, mwenye miwani mizito, anayetoka shimoni akilalamikia giza halafu anaanza kusifia balbu. Ni la zamani, la miaka ambayo wewe ulikuwa msichana, na sasa kampuni imelirudisha ili wazee wa Kimarekani wakumbuke utoto wao. Ulipolisikia mara ya kwanza, Margareta anasema, uliacha kukata vitunguu ukasema huyo ni Nestori. Wakacheka. Wajukuu wakakueleza kwa Kiingereza chao kwamba hiyo ni katuni tu. Hukubishana nao. Ulivuta kiti ukasubiri lirudi, na liliporudi ukasema vilevile.

Wao ndio waliokosea, mama. Sikio lako lilisikia kitu kilichomo kweli.

Unakikumbuka kibanda cha video pale kambini Mtabila, na ile katoni ya mikanda iliyoletwa na wafadhili. Mtu fulani huko Marekani alikuwa ameirekodi kutoka kwenye televisheni yake, na matangazo yote yalikuwa humo ndani. Sisi watoto filamu tulizivumilia tu. Tuliyekuwa tukimsubiri ni fuko. Nestori alisimama kando ya jenereta na kipaza sauti chake akitutafsiria. Kiingereza hakukijua hata cha kuombea maji, kwa hiyo aliyatunga maneno mwenyewe, na fuko akawa analalamikia mgao wa mahindi, foleni ya kisimani na ukali wa katekista. Sauti tu ndiyo ilikuwa ya fuko. Tulikuwa tukitazama tangazo la balbu katika kambi ambayo usiku tulimulikiana kwa vibatari, wala hatukuona ajabu.

Na mahali pale fuko anapofungua mdomo, mkanda ulikuwa umelika. Sauti ilizama, ikatetemeka kama ya mtu anayeongea huku anavuka mto, kisha ikaibuka. Nestori aliichukua hivyo hivyo. Hata nyumbani, akikuomba chumvi kwa sauti ya fuko, lazima izame kwanza ndipo iibuke, nawe ulimfukuza na mwiko huku unacheka. Sijakusikia ukicheka vile tena.

Halafu akapanda lori la waliorudi Burundi, akaangalie kama shamba letu la Rutana bado lipo, akasema atakuwa amerejea kabla ya mvua. Tukaletwa Marekani bado hajarejea. Siku moja kabla hatujaondoka kambini nilimwigiza fuko wake ili nikuchangamshe, nawe ukanifunika mdomo kwa kiganja ukaniambia, "Usichezee sauti ya mtu aliye njiani." Kilikuwa kinanuka moshi, kile kiganja. Mpaka leo nakisikia.

Wiki iliyopita mjukuu wako aligundua kwamba matangazo hayo yanatengenezwa Columbus, ukanipigia kunituma nikamtafute, kwa kuwa mimi ndiye niliye karibu. Nikakuitikia, ndiyo mama. Na Columbus nilienda kweli. Nililala kwa rafiki yangu Editha, huko Reynoldsburg nje kidogo ya mji, na asubuhi akanielekeza njia ya kufika studio kutoka kwake. Ila sikuenda kumtafuta mtu. Nilienda kazini.

Sauti ile ni yangu, mama. Mimi ndiye fuko.

Ilianza kwa mzaha. Hapa ghalani tulikuwa tunapakia balbu za kampuni ile, na fuko yuko kwenye kila boksi. Nikawa namsemesha ili kuwachekesha wenzangu, na Kanyana, yule Mkongo ninayefanya naye kazi, akanirekodi kwa simu akanitupa mtandaoni. Watu wa studio wakanitafuta. Walisema mwigizaji wa zamani alishafariki na kila waliyemjaribu anasikika kama anasoma. Nilifurahi, mama, sitakudanganya. Nilijiona mtu. Sikukuambia kwa sababu ya kile kiganja, na nilidhani kwa kuwa fuko sasa anaongea Kiingereza ungempita kama unavyozipita katuni zote. Nilikudharau, na naona aibu kuandika neno hilo.

Safari hii walinichezea tangazo la kwanza kabisa, safi, kutoka kwenye stoo yao ya zamani. Nililisikiliza. Fuko hazami. Anaongea moja kwa moja, sauti imenyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Kule kuzama na kuibuka kulitokana na ubovu wa mkanda wetu, na baada ya mkanda kulibaki kwa Nestori peke yake. Miaka yote nilidhani namwigiza fuko, kumbe nilikuwa namwigiza kaka, nawe ulilitambua hilo ukiwa jikoni kabla yangu mimi niliyeitoa sauti hiyo. Nikawaomba turekodi upya bila kile kitu. Walikataa kwa upole, wakasema hicho ndicho watu wanachokipenda, wakanisifu kwa ubunifu. Kwa hiyo litaendelea kutoka, mama. Mkataba nilishatia sahihi na sina uwezo wa kulizima.

Kuna jingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Ulisema nikimpata nimwambie akupigie. Nilipotoka studio nilikaa ndani ya gari nikawaza kwamba sauti ninayo, yote ninayo, na dakika moja ingetosha. Mama, ni mimi, niko salama, nina kazi, nisamehe, nitakupigia tena. Niliamini hiyo ni huruma. Nikaificha namba yangu, nikapiga. Ukapokea, nami nikavuta pumzi ili nianze, nawe ukasema, "Nestori, ni wewe? Umekula?"

Mdomo ulikuwa wazi. Nikakata simu.

Margareta anasema tangu simu ile umekuwa mtu mwingine, unaimba ukiosha vyombo, na kwamba siku hiyohiyo ndiyo uliyokwenda kwa padre kuomba misa. Ile pumzi uliyoisikia ilikuwa yangu.

Nilimsimulia Kanyana wakati wa mapumziko. Kwa kawaida yeye hucheka kabla sijamaliza, lakini mara hii aliweka chakula chake chini akanitazama. "Donc, huyu Nestori mama yako anatafuta, njo weye?" Nikaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, ni mimi. Akaniambia niandike leo, nisingoje kesho.

Sijui kama Nestori yu hai. Sina habari yake hata moja zaidi ya ulizonazo wewe. Nilichokifanya ni kukurudishia mwanao kisha nikamchukua tena, na sijui mtu anaombaje msamaha wa jambo kama hilo. Kama misa itakuwepo, naomba iwe ya kumwombea popote alipo, na nikubalie nipige magoti karibu yako. Kitenge ukivae. Lakini mbele ya watu, kama lazima mtu asimame, nitasimama mimi.

Nisalimie dada Margareta, na umwambie asinikasirikie kwa kukutaka usome peke yako. Wasalimie watoto, na wasikose kumpa Bwana Rutayisire chai, maana amepindisha safari yake kwa ajili yetu. Kanyana anakusalimu pia, ingawa hamjaonana.

Jumamosi jioni nitafika Buffalo kwa basi. Nitapiga hodi kwa sauti yangu mwenyewe. Huenda usiitambue upesi, kwa kuwa sijaitumia sana mbele yako, lakini naomba usiulize ni nani. Fungua tu.

Mwanao,
Generoza