Kifuniko cha Goti: Kiachwe au Kivikwe?

Jumatano, mvua ya mawe. Inapiga bati la wodi mpaka jirani yangu wa kitanda cha pili ameacha kukoroma. Hiyo ndiyo baraka ya kwanza leo.

Majani chai yangu kule Sosiot yanatobolewa saa hii, na mimi nimelala hapa na gauni linaloacha makalio nje.

Kesho asubuhi nabadilishiwa goti. Hilo sina neno nalo, limelika kama kisigino cha gambuti. Taabu ni kile kifuniko cha mbele. Daktari mmoja, wa umri wangu, anasema kiachwe, ni mfupa wangu na bado una uhai. Mwenzake, mama kijana, anasema kikwanguliwe kwa nyuma kivikwe plastiki, kisije kikaniuma baadaye nikarudi kukatwa tena. Lakini plastiki nayo inaweza kulegea. Nikauliza ni nani kati yao alifeli mtihani. Wakacheka. Eti walioachiwa na waliovikwa wengi huishia sawa tu, kwa hivyo mzee achague.

Mzee aliyeishia darasa la tano.

Nikampigia mke wangu, Bot Cheptoo. Huyo na mimi, tukikata miti ya chai ichipuke upya, mimi naacha tawi moja kila mti lipumue. Yeye anakata yote. Shamba lina mistari yangu na mistari yake, na tumegombana juu ya hayo tangu tuoane. Nani yuko sawa hatujui, maana majani tunatia gunia moja.

"Wakivike," akasema. "Ukiacha kitu kizee ndani kitakusumbua."

"Mbona mimi umeniacha?"

"Wewe plastiki yako haikupatikana."

Halafu nikasikia mvua ya kwake pia. Majani yamelala chini, akasema. Mistari yote.

Shamba letu linashuka mpaka mtoni. Kupanda naweza, na fimbo. Kushuka ndiko kunaniua, hapo hapo mbele ya goti. Mwaka huu sijafika mtoni. Bot Cheptoo anashuka peke yake na kikapu, mimi nasimama juu nikimpigia kelele kama mnyapara.

Jioni yule daktari mama akapita. Nikamuuliza, kama goti hili ni la baba yako?

Akaangalia dirisha. "Baba tulimwachia. Mama tukamvika."

"Na wako aje?"

"Wote wananung'unika, mzee."

Nilitaka kucheka, machozi yakatangulia.

Nimemwambia akivike. Si kwamba nimeelewa kitu. Anayeshuka peke yake ndiye alisema hivyo, na mimi sina neno lingine la kushika.

Bot Cheptoo mwenyewe nitamwambia nilikataa. Siku nitakayoshuka naye mpaka mtoni bila kulia, hapo ndipo nitamwambia alishinda.

Na nisiposhuka?