Mikono ya Stany

Mwaba, uko? Tuko ku hôpital na Stany. Mama bukwe yake, mama ya bibi yake, ameungua muguu.

Nilimuambia Stany apeleke pikipiki kwa mécanicien. Kichwa nguvu. Akabadirisha embrayage, ile inakataka nguvu ya moteur, ye peke mu lupango ya nyumba, câble hakuikaza. Akawasha moteur, akavuta levier ya embrayage, akatia vitesse, akafikiri itasimama. Ikaruka. Ikaangusha mbabula ya makala ya moto penye mama bukwe alikuwa anapika.

Kikwembe mama alikuwa amejifunga ikashika moto, na Stany akasimama tu. Ni juu ya vile mama alisema: "Bukwe, usinigusake."

Unajua mama ni muntu wa Sakania. Kwabo ni mwiko: mama na bukwe yake, bwana ya mutoto wake, habapeanake hata mukono. Na Germaine, bibi ya Stany, alikuwa ku soko.

Alisimama, Mwaba. Alimuangalia anaungua. Kisha akapiga magoti, akazima moto na mikono yake yenye mafuta ya pikipiki.

Sasa docteur ameuliza nani alizima moto. Stany iko pale pa mulango, mikono imetoka ngozi. Mama bukwe akafunika uso, akajibu:

"Ni muntu tu alikuwa anapita mu njia."

Stany akaficha mikono nyuma. Mpaka sasa anakatala docteur aione.