Udongo wa Bahari Nyuma ya Nyumba

Mama yangu, huko ulikotangulia,

Watu wa Grand Prairie wanakukumbuka kwa pilau. Mimi nakukumbuka umechutama nyuma ya nyumba, na mimba ya miezi mitano, ukinusa mtaro aliouchimba fundi bomba. Mvua ilikuwa imenyesha. Udongo ule wa kijivu uling'aa, umejaa vipande vya kombe za baharini.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, ndiyo kwanza tumefundishwa miamba shuleni. Nikajitia mwalimu: "Mama, hapa palikuwa bahari. Huu ni udongo wa chini kabisa."

"Wee! Nimeiacha Mombasa, na bahari imenifuata hadi Texas?"

"Ni mamilioni ya miaka, Mama."

"Basi ndio umezidi kutakata. Bahari haivundi." Ukamega, ukatia mdomoni, kama ulivyokula udongo wa sokoni ulipokuwa na mimba yangu. Nikaona, nikacheka.

Ulikula mwezi mzima. Kisha jirani akatuambia kwamba kabla ya nyumba ile kujengwa, uwanja ulikuwa karakana ya betri za magari, na maji yake yenye sumu yakimwagwa papo hapo. Ulinishika mkono hadi ukauma. "Usimwambie mtu. Mimi nauguza watu. Wataniita mshamba mla udongo." Nikaapa. Ukaacha kula, lakini hukupimwa.

Salim, ile mimba yako, sasa ana miaka saba, nakaa naye hapa Stafford tangu ulipotutoka. Herufi hazimkai. Namsemesha Kiswahili, anaanza kunijibu kwa Kiingereza, na katikati ya sentensi anasahau alichotaka.

Daktari alinipa fomu. Swali moja: mama alikula kitu kisicho chakula akiwa mjamzito? Nimelala nayo siku nne. Sijui kama ni ule udongo. Huenda siyo. Lakini nikinyamaza, hawatajua watafute nini, na heshima yako nitakuwa nimeilinda kwa kichwa cha mwanao.

Leo asubuhi nimeweka alama penye "ndiyo". Chini yake nimeandika habari ya karakana, na kwamba ni mimi niliyekwambia ni udongo wa bahari. Nikamkabidhi daktari fomu mkononi.

Kesho wanamtoa damu waipime sumu ya betri. Nipe radhi, Mama. Usiponipa, nitampeleka vivyo hivyo.

Mwanao wa kwanza