Mkungu wa Osoro

Marani, Kisii.

Kaka yangu Osoro,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini joto la Doha halijakumaliza na kazi ya ulinzi inakwenda salama. Sisi tu wazima, ila nyumba imekuwa kubwa mno. Barua hii nampa jirani yetu Nyamweya, anayerudi huko kazini, kwa sababu kwenye simu kila nikianza nalia.

Siku ya maziko uliniuliza kwa simu kama Mama aliacha neno. Nilikujibu kwamba hakuacha. Nilikudanganya.

Uliposema utakuja Agosti, Mama alikata mkungu wa ndizi bora kuliko yote ungali kijani, akautia guniani na kuuweka katika kibanda chake cha kuta za makaa. Asubuhi na jioni aliyamwagia makaa maji ili ndani kuwe baridi. Tunda bivu halikuruhusiwa kuingia, lisije likaivisha mengine. Alisema ndizi ni kama mabinti wa Marani, mmoja akiolewa wote wanataka.

Ukaahirisha wiki mbili, kisha tatu. Mkungu ukabaki kijani, Mama akadhoofika. Ugali ulimshinda, daktari akashauri vyakula laini. Ndizi za soko la Nyakoe alizikataa, eti zimeivishwa kwa dawa. Nilipomsihi ale zako alinifokea, akauliza kama nataka mwanawe aje ale maganda.

Osoro, niliuivisha mimi. Nilificha maparachichi mawili mabivu kwenye gunia pamoja na mkungu ule. Nilifikiri zikiiva hatakuwa na budi kuzila.

Siku ya sita harufu ikajaa kibandani. Mama akapiga kigelegele, mgonjwa vile! Akasema makaa hayajawahi kumwangusha, kwa hiyo ndizi zimekusikia ukija. Akavaa nguo ya Sabato, akakaa mlangoni siku tatu akitazama barabara. Hakuonja hata moja. Nami nikanyamaza, maana sikuwa nimemwona na furaha kiasi kile tangu uondoke. Neno lake la mwisho lilikuwa nikuwekee za katikati, ndizo tamu.

Nakulaumu kidogo, sitaficha. Lakini aliyemwacha angoje ni mimi, na hilo linaniuma kuliko kifo chenyewe.

Shangazi Mokeira na watoto wanakusalimu. Makaa siyamwagii maji tena. Siku utakayokuja, njoo tu; sitakuwekea kitu, utakula tutakachokuwa nacho.

Ni mimi dada yako,
Nyanchera