Bata Mzinga wa Madam

Jumanne, 15 Aprili 2025

Bata mzinga wa Madam hajaonekana tangu juzi. Geti la nyuma lilikutwa wazi. Nani aliliacha? Hakuna anayejua. Leo Madam amemwita Cyrus, dereva wetu, sebuleni na kumwambia mbele ya watoto kwamba yeye ni mwizi. Eti amewauzia Wakenya wenzake ndege huyo wamle Pasaka! Yote kwa sababu Cyrus alitania kwamba dume lile linatosha kulisha kanisa zima. Utani tu jamani! Jumamosi anarudishwa Nairobi, kazi ya huku Uarabuni imeisha. Nina hasira hadi nimevunja kikombe.

Jumatano, 16 Aprili

Bosi, mumewe Madam, amepiga simu kutoka Riyadh. Anasema ndege atafutwe vizuri kwanza. Kile kisahani cha kauri kwenye rafu ya majlisi, chumba cha wageni, si pambo — ni cha kuitia mabata mzinga, alikileta kutoka Amerika. Unakikwaruza kwa kijiti chake, kinalia kama jike.

Wueh! Nami siku zote nilidhani ni cha udi! Kila wiki nakipaka polishi mpaka najiona uso.

Nimejaribu uani. Kijiti kinateleza tu. Nikikandamiza, kinalia kama mlango wa kabati. Cyrus alikuwa chumbani mwake anakunja mashati. Hata kucheka hakucheka.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimekiosha kwa sabuni. Sasa ni bubu kabisa. Nimelia jikoni. Madam akapita, akauliza kama ni vitunguu. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 18 Aprili — Ijumaa Kuu

Kanisani, kule Mesaimeer, kulijaa watu hadi nje. Baada ya ibada nilimwonyesha kisahani Collins, seremala wa kule Industrial Area. Akapitisha kidole, akatikisa kichwa. Akasema nimekifanya kioo, sasa kijiti kitashika nini? Tukapitia kwake. Akaondoa polishi kwa spiriti, tukangoja kikauke, halafu akanipa msasa. Nikasugua upande mmoja tu mpaka uso ukawa mweupe, unakwaruza. Ncha ya kijiti pia. Mkono uliozoea kung'arisha unaniuma kwa kuharibu!

Akanionya nisiuguse tena uso wa kisahani, mafuta ya vidole yanaua sauti. Kukishika ni kwa ncha za vidole, matundu yaliyo chini yake yasizibwe. Kijiti nikiinamishe kama kalamu, nichore viduara vidogo bila kukiinua.

Mara ya kwanza — krrr. Mara ya pili — kyau, kyau, kyau! Niliruka.

Jioni

Ijumaa wajenzi hawapo, mtaa kimya. Nikasimama nyuma ya geti nikakwaruza. Kimya. Nikakwaruza tena. Na kule juu, kwenye nyumba ya jirani isiyokwisha kujengwa — gobologobolo! Madam alitoka bila viatu. Yule pale, ghorofa ya pili, mkia umefunguka, mnono kuliko alipotoroka. Asante Mungu! Nilikaa chini palepale. Hakuna aliyemla. Hakuna aliyemuuza.

Madam akacheka, akaniambia nimwite Cyrus akamshushe.

Cyrus alikuwa kitandani, sanduku mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Alijifuta uso, akamshukuru Mungu, akanishukuru na mimi. Lakini hakuinuka.

“Aliniita mwizi mbele ya watoto,” akasema. “Aje anisafishe jina mbele ya watoto haohao. Ndege baadaye.”

Nikarudi nikamwambia Madam hivyohivyo, neno kwa neno. Aliingia ndani.

Naandika hapa ngazini. Bata akinyamaza sana, nakwaruza kidogo, naye anaitika. Bado yuko juu, na giza linaingia. Lakini moyo wangu umetua, sijui kwa nini, kwa maana lolote laweza kutokea.

Namsikia Madam anawaita watoto. Mdogo anauliza wanaenda wapi. Wanavaa viatu —